Mvuto wa Kinywa, Mvuto wa Mapafu

Bibi yangu hakuwahi kushika sigara, lakini nikotini aliijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye nyumba moja. Pale Ngamiani, Tanga, kijaluba chake cha tambuu hakikumwondoka ubavuni: majani ya mtambuu, popoo, katu, kipande cha tumbaku na kikopo cha chokaa. Chokaa aliipaka kwa ncha ya kidole, kidogo mno, nasi watoto tuliamini kazi yake ni kuufanya mdomo uwe mwekundu. Ilikuwa na kazi kubwa zaidi. Chokaa ni alkali, na nikotini ikikutana na alkali hubadilika ikawa katika hali inayopenya upesi kwenye ngozi laini ya shavu. Tumbaku ile ile bila chokaa ingemwachia bibi uchungu mwingi na nguvu kidogo. Mapafu yake hayakuhusika hata kidogo.

Babu yeye alikuwa na kiko. Tumbaku yake ilikaushwa kwa upepo, ikaning'inizwa chini ya mapaa hadi ikawa nyeusi na kali ya kukata pua. Moshi aliuingiza mdomoni, akauzungusha taratibu, akautoa. Sikumwona akiumeza hata siku moja. Moshi wa tumbaku ya namna hiyo una alkali, na anayejaribu kuushusha kifuani hukohoa hadi machozi yamtoke. Kwa hiyo babu, kama bibi, alikula nikotini yake kwa kinywa.

Kule Urambo na Chunya tumbaku hukaushwa kwa njia nyingine. Majani huingizwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, moto ukakokwa nje, na joto likapitishwa kwenye mabomba kwa siku kadhaa. Sukari hubaki kwenye jani, na moshi wake hutoka na asidi kidogo. Moshi huo unateleza kooni, ila nikotini yake haipenyi shavuni vizuri, na ili ifanye kazi ni lazima ifike mapafuni. Hiyo ndiyo tumbaku ya sigara, na ndiyo iliyowafundisha watu wa dunia nzima kumeza moshi. Mapafuni nikotini hukutana na eneo kubwa la mishipa ya damu, na haipiti nusu dakika imeshafika kwenye ubongo. Hakuna tambuu wala kiko chenye kasi hiyo, na ni kasi hiyo inayomfunga mtu.

Nimewatanguliza wazee wangu kwa sababu kila ninapozungumza na watu kuhusu sigara za kielektroniki, hizi ambazo kila mtu sasa anaziita vepu, nasikia habari za ladha, za bei, za betri na za kampuni. Ni wachache wanaouliza pumzi inaingiaje. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza. Linaamua kama mvutaji wa sigara atafanikiwa kuiacha, na linaamua vilevile kama kijana asiyewahi kuvuta chochote atanaswa kabla hajajua kilichomnasa.

Manchester nilifika nikiwa mvutaji wa miaka mingi, niliyeanzia sigara za SM za kununua mojamoja kwenye kibanda cha Kariakoo. Uingereza ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kuvuta ndani ya majengo ya umma tangu Julai 2007, na sisi wa zamu za usiku tulikuwa tukijikusanya nje ya ghala katika baridi ya kupasua midomo. Huduma ya afya ya huko, NHS, ilikuwa ikiwashauri wavutaji waziwazi kuhamia vepu kama njia mojawapo ya kuacha sigara. Hoja yao ni rahisi: kinachoua zaidi kwenye sigara ni uchomaji, yaani lami, kaboni monoksidi na maelfu ya kemikali zinazozaliwa na moto. Vepu haichomi tumbaku. Inapasha kimiminika mpaka kiwe matone madogo sana yanayoelea hewani, ambayo tunayaita mvuke kwa urahisi wa kusema. Haina usalama kamili na madhara yake ya miaka mingi bado hayajajulikana kikamilifu, lakini kwa mtu ambaye tayari anakula pakiti ya sigara, tofauti ni kubwa.

Duka la vepu nililoingia lilikuwa Rusholme, kwenye ile barabara ya Wilmslow yenye harufu ya nyama choma na shisha. Kijana wa dukani hakunionyesha kifaa chochote kwanza. Alichomoa kalamu ya plastiki isiyo na wino, akafuta ncha yake, akanipa. Akataka nivute kama ninavyovuta sigara. Nikavuta: mashavu yakaingia ndani, nikatulia kidogo, kisha nikafungua midomo na kuvuta hewa ya kuusukuma ule moshi usiokuwepo hadi kifuani. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia mimi ni mtu wa kinywa kwanza, mapafu baadaye, kama walivyo karibu wavutaji wote wa sigara. Kisha akanionyesha mteja mwingine aliyesimama mlangoni na kifaa kikubwa mkononi. Yule alivuta moja kwa moja hadi kifuani kwa pumzi moja, kama mtu anayeanza kupiga mbizi, akatoa wingu lililofunika kioo cha duka.

Hizo ndizo njia mbili kuu, na vifaa vimetengenezwa kuzifuata.

Mvuto wa kinywa unahitaji kifaa chenye njia nyembamba ya hewa. Kitundu ni kidogo, na mtu anasikia ukinzani anapovuta, kama ule wa kichungi cha sigara. Koili yake, yaani waya unaopasha kimiminika, huwa na ukinzani wa umeme wa omu 1 au zaidi, na umeme wake ni mdogo, wati 8 hadi 15 hivi. Mvuke unaotoka ni haba na wa vuguvugu. Kwa kuwa ni haba, kimiminika chake lazima kiwe na nikotini ya kutosha. Mvuto wa mapafu ni kinyume chake: kitundu kipana, koili ya chini ya omu 1, umeme wa wati 40, 80, hata zaidi, na mvuke mwingi unaojaza kifua kwa mara moja. Hapo nikotini inatakiwa iwe kidogo sana, miligramu 3 au 6 kwa mililita, kwa sababu kila pumzi inabeba kimiminika kingi.

Hata kimiminika chenyewe hutofautiana. Vitu viwili ndivyo vinavyoshika sehemu kubwa: propilini glaikoli, ambayo ni nyepesi, hubeba ladha vizuri na hugonga koo; na glisirini ya mimea, ambayo ni nzito, tamu kidogo, na ndiyo inayotoa mawingu. Chenye glisirini nyingi kikiwekwa kwenye kifaa chembamba, utambi wake mdogo wa pamba haukinyonyi kwa wakati. Chenye propilini glaikoli nyingi kikiwekwa kwenye kifaa cha wati 80, koo linapata adhabu.

Haya yote yanaonekana kama mambo ya fundi, lakini nimeona yakiamua hatima ya mtu. Shemeji yangu, dereva wa teksi, alitaka kuacha sigara baada ya daktari kumwonya kuhusu moyo. Rafiki zake walimpa zawadi ya kifaa kikubwa cha mawingu, kizuri kweli, chuma kizito cha kupendeza mkononi. Akanunua kimiminika chenye miligramu 20 kwa mililita, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa Uingereza tangu kanuni za 2016, kwa kuwa yeye alikuwa mvutaji mkubwa na aliona apate kikali. Akavuta mvuto wake wa sigara kwenye kifaa cha mapafu. Kichwa kikamzunguka, jasho likamtoka, tumbo likamchafuka. "Shemeji," aliniambia kwenye simu, "hiki kidude kinanipasua kifua. Bora sigara yangu ninayoijua." Alirudi kwenye sigara siku ileile.

Baadaye akajaribu tena, safari hii na kifaa kidogo na kimiminika cha miligramu 3, maana sasa aliogopa ukali. Akawa anavuta mchana kutwa. Kifaa hakikumtoka mdomoni, hata kwenye foleni ya taa nyekundu, na bado alilalamika kwamba hakishibishi. Jambo hili limechunguzwa. Lynne Dawkins wa London South Bank University na wenzake waliwapa wazoefu wa vepu kimiminika chenye nikotini kidogo na wakati mwingine chenye nikotini nyingi, wakapima. Waliopata kidogo walivuta mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi kila mvuto, wakatumia kimiminika kingi zaidi, na hata hivyo damu yao ilipata nikotini pungufu. Mwili unatafuta kiasi chake, na pumzi ndiyo mkono wake wa kutafutia. Wavutaji wa zile sigara zilizouzwa kama nyepesi walifanya vivyo hivyo kwa miaka mingi: kichungi kilikuwa na matundu madogo ya kuingiza hewa safi, nao wakayaziba kwa vidole na midomo bila kujua, wakavuta kwa nguvu zaidi, wakaishia na lami ile ile.

Mtu akija kwangu sasa na kusema vepu haimfai, simuulizi kwanza ni ya aina gani. Namwomba avute nimwone.

Kinachohitaji kujifunzwa na aliyetoka kwenye sigara ni kuvuta polepole. Sigara ina moto wake, na ukiivuta kwa nguvu inawaka zaidi na kukupa zaidi. Mvuto wa sigara ni mfupi, sekunde mbili hivi. Koili ya vepu haina tabia hiyo. Joto lake linatoka kwenye betri, na ukivuta kwa nguvu unachofanya ni kupitisha hewa nyingi ya kuipoza, huku ukinyonya kimiminika kuliko koili inavyoweza kukigeuza mvuke. Ndipo unaposikia mlio wa kububujika, na tone chungu la moto linakurukia ulimini. Wazoefu huvuta kwa utaratibu, sekunde tatu hadi nne, pumzi moja isiyopanda wala kushuka. Ni mvuto wa mtu anayesikiliza kifaa.

Halafu kuna kungoja. Utambi wa pamba unahitaji muda wa kunyonya tena baada ya kila mvuto. Anayevuta mfululizo bila kupumzika anaufikisha mahali ambapo pamba imekauka na koili ingali moto, na mvuto unaofuata ni wa pamba iliyoungua. Aliyewahi kuonja hilo hahitaji kuelezwa. Koo linafunga lenyewe. Na ni vyema linafunga, kwa sababu kimiminika kikipashwa kupita kiasi huzalisha fomaldihaidi na akrolini, sumu zilezile ambazo mtu alikuwa akizikimbia kwenye moshi. Ninawasisitizia wenzangu jambo hili kuliko lingine lolote: ladha ya kuungua si kero ya kuvumilia hadi chupa iishe. Acha, badili koili.

Wengi pia huzuia pumzi kifuani wakiamini wanapata zaidi. Nikotini nyingi iliyofika mapafuni huchukuliwa na damu mara moja, na kukaa na pumzi hakuongezi cha maana. Kunaongeza tu muda wa vitu vingine kukaa mahali visipostahili. Kutoa mvuke taratibu kupitia puani kuna faida yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya ladha tunaihisi kwa pua, na mtu aliyeridhika na ladha havuti tena haraka.

Kwa shemeji ilichukua wiki za kupigiana simu. Kifaa kidogo, kitundu kimebanwa, kimiminika cha nguvu ya kati, mvuto wa kinywa ulioshushwa taratibu, kisha kifaa kinarudi mfukoni. Aliukohoa mvuke siku za mwanzo, jambo la kawaida kwa anayehama, kisha kifua kikazoea. Siku alipoacha kununua sigara hakunitangazia. Mke wake ndiye aliyeniambia, kwamba mapazia ya sebuleni hayanuki tena.

Ningependa kuishia hapo, kwenye habari ya watu wazima wanaotoka gizani. Lakini kifaa hiki kina mlango wa pili.

Hon Lik, mfamasia wa China aliyebuni sigara ya kielektroniki ya kisasa mwaka 2003, alikuwa mvutaji mwenyewe, na baba yake alikuwa mvutaji aliyefariki kwa saratani ya mapafu. Nia ilikuwa kumpa mvutaji kitu cha kuhamia. Vifaa vya miaka ile ya mwanzo vilikuwa dhaifu, vikitoa nikotini kidogo, na nikotini yenyewe ilikuwa ya ile hali ya alkali: ukiizidisha, inakwaruza. Kimiminika cha miligramu 30 kilikuwa hakivutiki kwa starehe. Mwaka 2015 ikaingia sokoni Marekani JUUL, yenye nikotini ya chumvi. Nikotini huchanganywa na asidi, aghalabu asidi benzoiki, na ukali wake unazimwa. Kimiminika cha asilimia 5, karibu miligramu 59 kwa mililita, sasa kikapita kooni laini kama hakuna kitu. Kilichofanywa na mabani kwa jani la tumbaku, maabara ikakifanya upya kwa ufanisi mkubwa zaidi. Kufikia Desemba 2018 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitangaza kwamba uvutaji wa vepu miongoni mwa vijana umekuwa janga.

Nikilifikiria hilo namkumbuka babu na kikohozi cha kila mjukuu aliyejaribu kuiba mvuto mmoja wa kiko chake. Koo lilikuwa bawabu. Lilimpiga mgeni, likamfukuza, na aliyerudi alirudi kwa ukaidi wake mwenyewe. Nikotini ya chumvi imemlaza bawabu usingizi. Kwa mvutaji mzee wa sigara hilo ni msaada, kwa sababu linampa kwa mvuto mdogo kile alichokuwa akipata kwenye moshi. Kwa mtoto wa sekondari anayevuta ladha ya embe, hakuna chochote mwilini mwake kinachomwambia kwamba amechukua nyingi.

Na vijana hawavuti kama babu. Wengi wa kwetu pumzi yao ya kwanza waliisomea kwenye shisha, kabla na hata baada ya marufuku: Rwanda na Kenya ziliipiga marufuku mwishoni mwa 2017, na sheria ya Uganda ya 2015 ilikataza shisha na sigara za kielektroniki kwa pamoja. Shisha huvutwa moja kwa moja hadi kifuani, pumzi ndefu, kwa muda wa maongezi marefu. Mtu mwenye mvuto huo akipewa kifaa cha asilimia 5, anavuta kwa mapafu kitu kilichopimwa kwa ajili ya kinywa. Ninapokuwa Dar es Salaam naviona vifaa hivyo vya rangi za pipi, vimeandikwa asilimia 5, zaidi ya mara mbili ya kiwango ambacho Uingereza inakiruhusu hata kwa wavutaji sugu. Uingereza yenyewe iliviondoa madukani vile vya kutumia na kutupa tangu tarehe 1 Juni 2025, kwa sababu ya takataka na kwa sababu ya watoto.

Mpwa wangu wa Sinza ni mmoja wa vijana hao. Hajawahi kuvuta sigara, na anazichukia, anasema zinanuka. Nilimwomba avute nione, akavuta mbele ya kamera ya simu: pumzi moja ya kifua kizima, ndefu, akaikalia, akatabasamu.

"Haikukwaruzi?" nilimuuliza.

"Haikwaruzi kabisa, mjomba. Hii ni laini."

Sikumgombeza. Nilimweleza habari za chokaa ya bibi, za kiko na za mabani, akasikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia, maana ni kijana wa sayansi. Nikamuuliza swali ambalo mwanasaikolojia wa Uswidi, Karl-Olov Fagerström, aliliweka katika kipimo chake cha utegemezi na ambalo bado ndilo lenye uzito kuliko mengine: ukiamka, inapita dakika ngapi kabla ya kuvuta? Anayejibu chini ya dakika tano hupewa alama za juu kabisa.

"Nalala nayo chini ya mto, mjomba. Nikigeuka usiku navuta."

Tumekubaliana mambo matatu. Mama yake, dada yangu, anakaa nayo usiku chumbani kwake. Mvuto wa kwanza unangoja chai. Na kila mvuto anauchukua kwa kinywa, mfupi, hakuna cha kujaza kifua, mpaka tupate kimiminika cha nusu ya nguvu ile na kuanza kuteremka. Juzi aliniandikia kwamba mvuto wa kwanza aliuchukua saa mbili na nusu asubuhi na kwamba kichwa kilimuuma hadi saa nne. Nilimjibu ale, anywe maji, na anipigie mimi kabla ya kuomba wa pili.